Laivu imeharibika: kazi hiyo ilikuwa ya nani?

Timu nyingi za kurusha laivu hapa Kigoma mjini ni za watu watatu hadi sita. Tunarusha harusi za Mwanga na Gungu, mikutano ya injili viwanjani, mahafali, mpira wa mashindano ya kata, na misiba ya familia ambazo nusu ya ndugu wako Dar, Bujumbura au Ulaya. Vifaa siku hizi si kazi kuvipata: swicha ndogo ya HDMI (kifaa cha kuchagua kamera ipi iende hewani), laptop yenye programu ya kurushia kama OBS au vMix, kamera mbili tatu, miksa ya sauti, ruta na laini. Kilichobaki kigumu ni watu kukaa kwenye meza moja bila kuvurugana.

Nimeshatafuta matatizo mengi kwenye waya nikaja kuyakuta kwenye mgawanyo wa kazi. Ama kitufe kimoja kilikuwa na mikono miwili, ama hakikuwa na mkono hata mmoja. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye kile ambacho mtazamaji anakiona au kukisikia, kisha unarudi nyuma hadi kwa mtu anayepaswa kukishika.

Picha inahama yenyewe bila mtu kubonyeza

Hii ilitukuta kwenye harusi, saa ya keki. Mimi nilikuwa kwenye vitufe vya swicha, mwenzangu pembeni yangu kwenye laptop akiandaa majina ya wazee ya kuweka kwenye skrini. Maharusi wameshika kisu, picha ikaruka kwenda kamera namba tatu, ambayo wakati huo ilikuwa inaonyesha dari na pindo la pazia. Nikarudisha kamera moja. Ikaruka tena. Nikaamini ni waya mbovu, nikainama chini ya meza kuuchomoa na kuchomeka mwingine, na keki ikaliwa bila mimi kuiona.

Waya haukuwa na shida. Swicha aina ya ATEM inapounganishwa na laptop kwa waya wa mtandao, vitufe vyake na programu iliyo kwenye laptop vinaendesha mtambo uleule, na mtambo unatii amri iliyokuja mwisho. Mwenzangu alikuwa anataka kutazama kamera tatu kabla ya kuweka jina, ila alikuwa anabofya safu ya picha iliyo hewani badala ya safu ya maandalizi. Kwake ilionekana mimi ndiye ninayemvuruga.

Ukiona dalili hii, sema "mikono juu" na kila mtu aondoe mikono kwenye kila kifaa kwa sekunde kumi. Picha ikitulia, tatizo ni mikono. Ikiendelea kupotea, angalia waya, na hata hapo kuna tofauti inayoonekana kwa macho: waya wa HDMI uliochoka hukupa giza, chenga au picha inayokatikakatika kwenye kamera hiyohiyo. Hauchagui kamera nyingine. Kama HDMI yako imepita mita 15 hivi, usishangae ikisumbua. Kwa umbali wa ukumbi mkubwa au uwanja tumia SDI, waya wa picha wa aina nyingine, ambao kwa picha ya HD na waya mzuri inafika mita 100.

Dawa ya mikono ni kugawa paneli yenyewe, kitufe kwa kitufe, kabla wageni hawajaingia. Safu ya hewani na kitufe cha kupitisha picha ni vya mtu mmoja tu. Mwenye maandishi anagusa safu ya maandishi peke yake, na kama programu inaruhusu, funga madirisha mengine yote kwenye skrini yake. Kwenye vMix mpe mwenye maandishi kompyuta au simu yake, aingie kwa kivinjari kupitia mlango wa mtandao (port) namba 8088, akae kwenye ukurasa wa majina tu. Kwenye OBS, kuanzia toleo la 28 lililotoka 2022, mlango wa kuiendesha ukiwa mbali unakuja ndani ya programu yenyewe, namba 4455. Weka nenosiri, na nenosiri hilo lisisambae kwa timu nzima.

Amri imetoka sahihi, kilichofanyika ni kingine

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo timu zetu zinapoumia zaidi.

Chukua neno "kata". Mwongozaji akisema "kata" anamaanisha pitisha kamera nyingine. Kwa mpiga kamera, "kata" ni acha kurekodi. Kwa fundi sauti, "kata" ni zima maiki. Nilishasema "kata mbili!" katikati ya nasaha za baba wa bibi harusi, na fundi sauti, kijana mwepesi na mtiifu, akazima maiki namba mbili. Ilikuwa mkononi mwa mzee. Kwa kweli hakukosea. Mimi ndiye niliyempa neno lenye maana tatu na namba isiyojulikana ni ya kamera au ya maiki.

Tangu siku hiyo tuna maneno machache ambayo hayabadiliki. "Andaa mbili" maana yake kamera mbili itulie, na mwenye swicha aiweke kwenye maandalizi. "Pita mbili" maana yake ipeleke hewani sasa hivi. "Fungua" na "funga" ni za sauti tu, na kwa sauti hatutumii namba kabisa, tunataja mtu: "fungua mchungaji", "funga kwaya". "Weka jina" na "toa jina" ni za maandishi. Neno "kata" tumelifukuza mezani.

Angalia pia mpangilio wa maneno. Mwenye swicha mwenye vidole vya haraka husikia namba na kubonyeza. Ukisema "mbili iko vizuri sana", tayari ameshaipeleka. Kitenzi kitangulie namba, kila mara. Na sifa zisubiri picha itoke hewani. Mpiga kamera anayesifiwa akiwa hewani hutikisika.

Chanzo kingine cha amri kupotea ni redio kolu yenyewe. Ukibonyeza kuongea husikii, na wawili wakibonyeza pamoja hakuna anayesikika. Kama wapiga kamera watatu wote wanajibu "sawa kaka, nimekupata", amri inayofuata inamezwa. Kwetu mpiga kamera hajibu kwa mdomo. Akiwa nje ya hewa anainamisha kamera chini na juu kusema ndiyo, anaizungusha kushoto na kulia kusema hapana, na mwongozaji anaona jibu kwenye skrini. Na kila mtu avae kisikio, maana redio ikilia karibu na maiki ya mchungaji, dunia nzima inasikia unavyomhimiza kamera tatu asogee.

Simu ya kundi kwa WhatsApp badala ya redio? Nimejaribu. Sauti inachelewa, na inakula mtandao uleule unaorushia. Kama redio hakuna, afadhali mwongozaji akae mahali ambapo kamera zote zinamwona, atumie vidole.

Picha inatikisika au inavutwa karibu ikiwa hewani

Mara nyingi si mkono dhaifu. Mpiga kamera hajui kwamba yuko hewani, anadhani bado anatafuta picha. Kamera kubwa za studio zina taa nyekundu inayowaka ikiwa hewani; nyingi za kwetu hazina. Kwenye vMix unaweza kufungua ukurasa wa taa hiyo kwenye simu, ukaifunga simu juu ya kamera. Kama huna, mwongozaji aseme: "mbili uko hewani", "mbili umetoka". Inachosha, lakini bila hivyo unamlaumu mtu aliyefungwa macho.

Kamera zote zinaonyesha kitu kimoja

Bibi harusi anaingia, kamera tatu zote ziko usoni kwake, na mwenye swicha hana pa kwenda. Chanzo ni kwamba watu waliambiwa "pigeni picha nzuri" bila kupewa eneo. Kamera moja ni picha pana, na haiachi upana huo mpaka mwongozaji aombe. Kamera mbili ni mhusika anayeongea au kutenda. Kamera tatu ni watu: mama anayefuta machozi, shangazi, watoto mbele ya steji. Kwenye mpira kamera moja iko juu katikati ya uwanja na inafuata mpira. Mbili iko chini kwa wachezaji, tatu nyuma ya goli.

Kuna dada wa timu ya Tabora niliyefanya naye kazi anayechora ukumbi kwenye karatasi na kuweka mstari kati ya kamera moja na nyingine, kila mtu anasaini eneo lake. Nilidhani ni urasimu. Sasa nafanya vilevile.

Dalili ya jirani na hii ni rangi kutofautiana: kamera moja ya njano, nyingine ya bluu, ya tatu inafifia na kung'aa yenyewe. Hapo kila mpiga kamera amepanga yake, au ameiacha ijipange yenyewe (oto). Mpe mtu mmoja kazi ya kuzunguka kamera zote kabla ya kuanza, azipange kwa karatasi nyeupe ileile, kwa macho yake mwenyewe. Ndani ya ukumbi aweke shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha) kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde, maana umeme wetu ni wa hezi 50, na ukiweka 1/60 taa nyingi zitaleta mistari inayotembea kwenye picha. Nje, mtu huyohuyo arudi tena kuanzia saa kumi na moja jioni. Kigoma jua linazama upande wa ziwa, nyuma ya milima ya Kongo, na kamera inayotazama magharibi itageuza watu kuwa vivuli wakati wenzake wawili hawana habari. Akirekebisha, arekebishe ile isiyo hewani kwanza.

Ukumbini sauti ni tamu, kwenye laivu ni mbovu

Hii ndiyo malalamiko namba moja kutoka kwa ndugu walioko mbali, na chanzo chake karibu kila mara ni kumpa mtu mmoja kazi mbili za kusikiliza: ya ukumbi na ya laivu. Fundi wa ukumbi anachanganya kwa ajili ya ukumbi. Ngoma na gitaa zinasikika zenyewe kutoka stejini, kwa hiyo kwenye miksa ameziweka chini au hajaziweka kabisa. Ukichukua sauti ileile ukairusha, mtazamaji anasikia waimbaji wakielea peke yao. Makofi na vigelegele havipo, harusi inasikika kama iko chumba kitupu.

Omba njia ya pembeni ya miksa (aux) ambayo haifuati feda za ukumbi, yaani vile vitufe vya kusukuma juu na chini, ili fundi akimshusha mhubiri kuzuia mluzi wa spika, wewe usimpoteze. Ongeza maiki moja au mbili zinazotazama watu. Kisha mweke mtu wa sauti ya laivu peke yake, mwenye hedifoni za kuziba masikio, mbali na spika. Akikaa mbele ya spika hasikii laivu, anasikia ukumbi.

Sauti ikikwaruza hata ikiwa chini, angalia kama mmechomeka sauti ya miksa kwenye tundu la maiki la kamera. Nguvu ya miksa ni kubwa mno kwa tundu hilo. Badilisha mpangilio wa kamera utoke kwenye maiki uende kwenye laini (line), au tumia kisanduku cha DI, kinachoshusha nguvu ya sauti hadi ya maiki. Kisanduku hicho hukata pia ule mngurumo unaotokea miksa ikiwa kwenye soketi moja na laptop kwenye nyingine. Na muulizane mapema tundu hilo ni la nani. Mara nyingi fundi wa ukumbi anadhani kazi yake imeishia kwenye miksa, mpiga kamera anadhani waya si wake, na ule waya katikati ni yatima.

Midomo na sauti haviendi pamoja

Sauti ikitangulia midomo, hiyo ni kawaida ya mitambo. Picha inapita kwenye kamera, swicha na laptop, na kila kituo kinaishikilia kidogo. Sauti inakuja moja kwa moja kwa waya. Kwa fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40, kwa hiyo vituo vitatu vinaweza kukupa 120. Mtu apige kofi mbele ya kamera, rekodi, hesabu fremu kati ya viganja kukutana na mlio, kisha chelewesha sauti kwa kiasi hicho.

Midomo ikitangulia sauti, uliza kwanza nani ameweka ucheleweshaji. Sisi tulikuta fundi sauti ameweka 120 kwenye miksa yake, na mwenye laptop, kwa nia njema kabisa, ameweka 120 kwenye OBS. Ucheleweshaji uwekwe kwenye kifaa kimoja tu. Sisi tumechagua laptop.

Jina la mtu linatoka kwa mtu mwingine, au linabaki skrini mpaka hotuba inaisha

Mwenye maandishi ameliweka, anasubiri mwenye swicha alitoe. Mwenye swicha hata halioni. Anayeweka ndiye anayetoa, basi. Na jina lisipande kabla mwongozaji hajaona uso wa mwenye jina kwenye picha ya hewani.

Makosa ya herufi ni jambo la heshima. Majina mengi ya huku yanaanza na "Nta" au "Nti", na programu ya simu inayosahihisha maneno inayavuruga vibaya. Orodha ichukuliwe kwa kamati ya sherehe siku moja kabla, na mtu wa familia aisome kwa macho yake, pamoja na vyeo: baba mkubwa si baba mdogo, na mzee akiandikwa vibaya mbele ya ukoo wote hakuna kufuta.

Kwa watazamaji inakwama, kwetu iko sawa

OBS ina dirisha la takwimu lenye hesabu tatu, na kila hesabu ina mwenyewe. Fremu zilizodondoka kwa sababu ya mtandao ni za mtu wa mtandao. Fremu zilizorukwa wakati wa kubana picha zinasema kompyuta imeelemewa: punguza ubora au funga programu nyingine. Fremu zilizokosekana wakati wa kuchora picha ni mzigo wa kadi ya michoro, mara nyingi maandishi yenye mbwembwe nyingi. Kabla hujahama laini, soma ni ipi inayopanda.

Kama ni mtandao, kagua nani mwingine yuko kwenye ruta. Tuliwahi kukuta mpiga kamera wetu mwenyewe anapandisha stetasi ya tukio lilelile, na simu nyingine mbili zinatazama laivu yetu "kuangalia kama inatoka". Nenosiri la ruta liwe la mtu mmoja. Anayekagua laivu atumie bando lake, laini nyingine.

Kasi ya kupandisha ipimwe saa ya tukio. Asubuhi mnara hauna watu. Jioni uwanja umejaa simu. Ukipima ukapata megabiti 8, rusha kwa 4 au chini yake. Picha ya 720p kwa megabiti 3 inayotiririka ni bora kuliko 1080p inayosimama kila dakika.

Na kama laivu ya YouTube inakatika na kurudi kwa vipindi vifupi huku mtandao ukiwa mzima, angalia kama ufunguo wa kurushia uko kwenye mashine mbili. Laptop ya akiba ikiwashwa na mtu mwenye bidii, zinagombania ufunguo mmoja.

Marudio ya goli yanapita huku goli lingine linafungwa

Mechi za Ligi Kuu pale Uwanja wa Lake Tanganyika zina mwenye haki zake za kurusha, nazungumzia mashindano ya kata. Mwenye marudio asiyapeleke hewani mwenyewe. Aseme "ninayo", asubiri. Mwongozaji ndiye anayetazama mpira halisi, na ndiye anayejua kama kuna nafasi.

Makosa yanaanza saa ya tatu

Ni uchovu. Kwenye mkutano unaochukua saa tano, badilishaneni kila saa moja, lakini mwongozaji na mwenye swicha wasibadilike pamoja. Anayeingia akae pembeni dakika tano, asikilize, ndipo apokee.

Watu ni wawili au watatu tu

Gawa kwa jicho na sikio. Kuongoza na kubonyeza swicha vinakaa kwa mtu mmoja vizuri, na kwa timu ndogo naona ni bora zaidi, hakuna amri ya kupotea. Maandishi na uangalizi wa mtandao vinaweza kuungana, maana vyote ni kazi za vipindi. Sauti haiungani na kamera. Mwenye sauti akiwa na jicho kwenye kioo cha kamera, masikio yake yamezimika, na hatajua betri ya maiki imekufa mpaka apigiwe simu. Mkiwa wawili, kamera moja isimame kwenye stendi ikiwa pana bila mtu, mmoja achukue meza yote ya picha, mwingine sauti tu.

Shughuli imeisha, hakuna kilichorekodiwa

Kitufe cha kurusha na cha kurekodi ni viwili tofauti, na kila mtu alidhani mwenzake amebonyeza. Mpe mtu jina la kazi hiyo: mwenye rekodi. Dakika ya kwanza asome kwa sauti muda unaohesabu kwenye skrini, "sekunde ishirini, ishirini na moja", si kusema "tayari". Arudie kila nusu saa, pamoja na nafasi iliyobaki kwenye diski. Kwenye OBS arekodi kwa faili la aina ya MKV badala ya MP4 ya kawaida, ili umeme ukikatika faili lifunguke hadi pale lilipoishia. Kugeuza kuwa MP4 ni kazi ya dakika chache baadaye, ndani ya OBS hiyohiyo. Na kabla hajafunga laptop afungue faili, aruke katikati, asikilize sauti kwa hedifoni, ndipo waya zianze kukunjwa.